Kikaango Juu ya Jiko la Dolphine

Tii! Tii! Mlio ule ulipenya ukuta wa mbao kabla jua halijachomoza. Nyamoita alijifunika blanketi hadi kichwani. Alijua ni nini. Upande wa pili, Dolphine alikuwa akiwasha jiko lao jipya la umeme, lile la kioo lisilotoa mwali wala moshi. Katika kambi yao ya wachuma chai, nje ya Kericho, hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Nyamoita aliamka akapuliza kuni za michai mpaka machozi yakamtoka.

Shuleni Dolphine hakuwa na hadithi nyingine. "Sisi tunabonyeza tu, chai tayari! Nyinyi bado fuu, fuu!" Wenzao wakacheka. Nyamoita akacheka pia, lakini kifuani mlikuwa mkichemka.

Jumamosi, mama zao wakiwa shambani, alibeba sufuria ya kwao hadi kwa kina Dolphine. "Wacha nami nichemshe chai hapo."

Jiko likalia, likakataa.

"Hiyo ni ya alumini," Dolphine akasema, mkono kiunoni. "Hili linataka chuma. Halitaki sufuria zenu."

Sufuria zenu! Nyamoita alikimbia nyumbani, akarudi na kikaango kizito cha chapati cha mama yake. Akakiweka juu ya kioo, na sufuria juu ya kikaango.

"We! Mama alikataza kupanga vyombo hivyo!"

"Ama unaogopa sufuria zetu zitaweza?"

Dolphine akabonyeza kitufe. Chai ilichelewa sana, lakini ilichemka. Nyamoita akazima jiko, akaipua sufuria kwa kitambaa, kwa majivuno. Tone la chai likaangukia kikaango, likatoweka palepale. Chss!

Dolphine alikuwa ameinama kuchukua vikombe. Hakuliona. Alipoinuka hakuona mwali wowote, basi akanyoosha mkono akiondoe kikaango. "Wacha!" lilikuwa tayari ulimini mwa Nyamoita. Lakini wivu ukamwambia: mwache aone.

Akanyamaza.

Dolphine akapiga mayowe.

Mama Nyamoita, aliyekuwa akirudi na kikapu mgongoni, aliingia mbio. Akamkuta binti yake akimpaka mwenzake dawa ya meno vidoleni. "Acha hiyo! Twende bombani!" Akaushikilia mkono wa Dolphine chini ya maji baridi kwa muda mrefu, mpaka kilio kikapungua.

"Nani aliweka kikaango changu pale?"

"Ni mimi, Mama." Nyamoita alijibu. "Na nilijua ni cha moto. Nikanyamaza makusudi."

Mama hakufoka. Hilo lilimwumiza Nyamoita zaidi.

"Siku jiko lilipoletwa, Mama Dolphine alituonyesha sote. Chombo kimoja cha chuma, chenye kitako bapa. Na ukishalizima, usiguse kioo wala chombo, kwa sababu joto lipo hata kama hulioni. Wivu nao ni hivyo hivyo, Nyamoita. Hautoi moshi. Unauficha moyoni, halafu anayeungua ni jirani. Jioni utamweleza mama yake mwenyewe, kwa mdomo wako."

Dolphine alipangusa machozi kwa bega. "Hata mimi nilikuchokoza," akasema kwa sauti ndogo.

Nyamoita akamshika ule mkono mwingine, uliokuwa mzima.

"Dolphine, nakuahidi mbele ya Mama. Nikiona hatari ambayo wewe huioni, nitapiga kelele, hata kama siku hiyo tumekosana."