Doa la Jeli Namba Kumi na Saba

Inspekta alikuwa amefika kwenye doa la tatu. Alibonyeza kitufe cha kurudia kumbukumbu, alama ikatoweka kwenye skrini, akaandika daftarini: saa nne na dakika saba asubuhi, chini. Akabonyeza tena.

Siku mbili nyuma, jeli namba kumi na saba iliibwa kwenye friji ya maabara hii ya utafiti wa damu. Ilikuwa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, umebanwa kati ya karatasi mbili za plastiki, na ndani yake protini za damu ya mtu mmoja zimetawanyika kama madoa ya buluu. Asubuhi hiyohiyo mtu aliingia kwenye programu ya mtandaoni ambamo watafiti wa miji mitatu huweka alama kwenye picha moja na kujadiliana. Akafuta alama zote za jeli hiyo. Akaunti iliyotumika ilikuwa ya binti mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, waliyemwita Daktari Mdogo.

"Unataka ushahidi gani tena, Afande?" Profesa, mkuu wa maabara, aliuliza kutoka mlangoni. "Barua ya kumfukuza iko tayari. Kesho saa tatu naisaini."

"Kesho bado, Mama. Hizi alama ninazoziona zikitoweka, zimefutika kabisa?"

"Hapana. Programu inazificha tu, na inaweka kumbukumbu ya kila hatua."

"Basi niachie kumbukumbu hizi niendelee nazo."

Daktari Mdogo alikuwa ameketi kwenye stuli, macho yamemvimba.

"Saa nne ulikuwa wapi?"

"Chumba cha pili, kwenye mashine ya kuzungusha sampuli."

"Nani alikuona?"

"Mashine."

Inspekta alikaribia kutabasamu. "Na kompyuta yako?"

"Niliiacha wazi. Hapa kila mtu anaacha wazi. Ukianza kuandika nywila na glavu hizi, siku inaisha."

Akaunti, basi, haikumtaja mtu. Friji nayo ilikuwa na alama za vidole za watu wote. Uliobaki ni mpangilio wa kufuta, na huo hakuna mwingine aliyeuangalia.

Asubuhi ya wizi walikuwamo maabarani watu watatu. Inspekta aliwaita mmojammoja, akampa kila mtu picha mpya ya jeli, akamwomba aweke alama kwenye madoa kumi. Profesa alianzia juu. Daktari Mdogo naye alianzia juu, kama asomaye ukurasa.

Wa mwisho alikuwa Fundi, aliyemimina jeli za maabara ile kwa miaka thelathini.

"Mtihani uzeeni, Afande? Nikifeli msinirudishe darasa la kwanza."

Alivaa miwani, akaanzia ukingo wa chini, akapanda mstari kwa mstari.

"Mbona unaanzia chini, mzee wangu?"

"Mazoea tu. Zamani hapakuwa na kompyuta. Jeli tuliitandaza kwenye meza ya taa, pana kama kitanda. Unaanza na kilicho karibu na kifua, ndipo unajinyoosha."

Inspekta aliweka daftari kando. Aligeuza skrini, akaichezesha kumbukumbu. Alama thelathini na moja zilitoweka moja baada ya nyingine, kutoka ukingo wa chini hadi juu.

Fundi alitazama mpaka ya mwisho. Akavua miwani.

"Mtoto wa watu hana kosa," alisema.

"Jeli iko wapi?"

"Nimeichoma na taka."

"Kwa nini?"

Fundi aliifuta miwani kwa pindo la koti.

"Namba kumi na saba alikuwa mtu mzima wa afya, amejitolea damu tuilinganishe na ya wagonjwa. Chupa yake iliniponyoka. Miaka yote sijavunja chupa, Afande. Nikaona aibu. Nikajitoa damu mwenyewe, nikaijaza nyingine. Nikasema, nami si mzima? Nani atajua?"

"Wakajua?"

Daktari Mdogo, aliyekuwa bado kwenye stuli yake, ndiye aliyejibu. Alirudisha alama moja kwenye skrini, akasoma maoni yaliyoandikwa chini yake na watu watatu wa miji mitatu: "Hili ni doa la wagonjwa. Nakubali. Mwenye damu hii atafutwe haraka."

"Doa hilo ni langu," Fundi alisema. "Nilidhani likifutika pale, nami sitakuwa nalo."

"Na mimi je, Baba? Ungeniacha nifukuzwe?"

"Nilidhani watakukaripia tu."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kumimina jeli."

Fundi aliinamisha kichwa. Profesa alitoa barua mfukoni, akaichana mara mbili, akabaki na vipande mkononi kana kwamba hajui pa kuviweka.

Daktari Mdogo alivuta pumzi. Akavaa glavu mpya.

"Doa moja halitoshi," alimwambia Fundi, bado amekasirika. "Kipimo kinarudiwa. Kunja mkono wa koti."

Inspekta alisubiri damu itolewe, ndipo akafungua daftari na kuanza kuandika maelezo ya kukiri. Upande wa pili wa meza, binti alikuwa akimimina jeli mpya kati ya vioo viwili.

"Polepole," Fundi alinong'ona. "Usiingize mapovu."

"Najua."

"Itachukua muda gani?" Inspekta aliuliza.

"Madoa yataonekana kesho."

Inspekta alitazama maelezo yake. Yalibaki nusu, hayajasainiwa. Aliifunga kalamu.

"Basi nami nitamaliza kesho. Mzee wangu, saa tatu nitakukuta hapa?"

"Utanikuta," Fundi alisema, macho kwenye vioo.