Kadi Tupu ya Wagdi

Umm Hilal wa ghorofa ya tatu anaapa kwamba aliona yote kwa macho yake mawili. Anasema Ijumaa ile, baada ya sala ya alasiri, wageni wa posa walikuwa wameshaketi, mkono wa Wagdi umo ndani ya mkono wa ami yake Busayna, imebaki Fatiha ya kufunga posa tu isomwe, mara taa zote zikazima. Anasema mchumba alibadilika rangi akawa kama jibini. Anasema mama yake Wagdi alizimia mara mbili, na kijana mwenyewe alikutwa na pesa za umeme wa watu amezikunja ndani ya soksi.

"Ndani ya soksi, wallahi!" alimwambia muuza vitunguu pale kwenye ngazi. "Unampa mtu kadi akujazie umeme, tena siku ya posa yake mwenyewe, anakuletea kadi tupu! Huyo akioa si atamlisha mke upepo?"

Hakuna aliyezimia, na soksi za Wagdi hakuna aliyezivua. Umm Hilal mwenyewe saa ile alikuwa kwenye roshani akianika mashuka. Lakini taa zilizima kweli, na Fatiha haikusomwa, na hilo ndilo lililomchoma Busayna.

Busayna alikuwa mshonaji. Alikaa na mama yake, Hajja Insaf, ghorofa ya kwanza ya jengo moja nyuma ya kiwanda cha nguo, pale mjini Mahalla. Madirisha yao yalitazama ukuta, kwa hiyo hata saa tisa mchana, bila taa hulioni tundu la sindano. Na tangu wawekewe mita ya kadi, kile kisanduku cha chini ya ngazi ndicho kilichokuwa bwana wa nyumba. Pasi siku moja kwa wiki. Friji inazimwa Hajja akienda sokoni. Mwanzo wa mwezi umeme unakwenda taratibu, mwisho wa mwezi unakimbia kama umefukuzwa. Kadi yenyewe ina deko: leo inakubali, kesho inagoma mpaka uifute kwa pindo la gauni. Ukifika dukani unaambiwa mtandao hakuna, rudi baadaye.

Kwenye foleni hiyo ndipo alipomjua Wagdi, mwenye kibanda cha kujazia kadi.

"Juzi tu ulikuwa hapa," Wagdi alikuwa akimwambia. "Huo umeme mnaula kwa kijiko?"

"Jaza, acha maswali."

"Nijaze wa mwezi mzima upumzike na foleni?"

"Wa siku tatu unanitosha."

Wanawake wa kwenye foleni wakakohoa kwa pamoja. Mtaa mzima ulijua kwa nini siku tatu zinamtosha.

Alhamisi, siku moja kabla ya posa, Busayna alimwachia kadi.

"Kesho naja nayo mwenyewe," Wagdi alisema. "Na safari hii najaza wa mwezi mzima. Zawadi yangu ya kwanza, usiirudishe."

Ijumaa akaja na wazazi wake na sinia la keki ya basbusa, akamkabidhi Hajja Insaf kadi mlangoni. Ami Abdel-Shakur, ndugu wa marehemu baba yake Busayna, alikuwa amekaa mahali pa baba. Lutfi, mwanawe, alikuwa anapanda na kushuka ngazi akibeba viti na chupa za soda. Ndipo giza likaingia, na Lutfi akaja mbio.

"Tulieni! Ni umeme umeisha tu. Hajja, nipe kadi nikaiingize."

Akashuka. Aliporudi, alisimama katikati ya sebule ili kila mtu amsikie.

"Baba, hii ni aibu. Kadi nimeiingiza mara tatu. Tupu!"

Wagdi akainuka. "Tupu vipi? Nimeijaza jana kwa mkono wangu. Risiti hii hapa."

"Karatasi unajichapia, mashine si yako?"

"Lutfi, mwogope Mungu."

"Umwogope wewe unayemla mjane na yatima wake! Kaeni, wageni wetu. Nitatafuta duka lililo wazi niwajazie mimi."

Baada ya nusu saa taa zikawaka, na Lutfi akaingia akijifuta jasho, akamrudishia Hajja kadi. Wakubwa wakamwombea dua. Ami Abdel-Shakur akautoa mkono wake ndani ya mkono wa Wagdi.

"Kijana, chukua wazazi wako. Mtu anayetuletea kadi tupu siku ya Fatiha, sitaki kujua atatuletea nini siku ya ndoa."

Basbusa ikarudi ilikotoka, haijakatwa hata kipande.

Simu ya Busayna ililia Ijumaa, ikalia Jumamosi. Hakupokea. Ujumbe ukaingia: "Sikuiba. Wallahi sikuiba." Kisha mwingine, maneno mawili tu: "Hata wewe?"

Busayna aliusoma huo wa pili mpaka kioo cha simu kikafifia. Akaigeuza simu kifudifudi. Alimpenda, ndiyo. Lakini lile giza alilikalia mwenyewe.

Jumamosi hiyohiyo Ami akapiga.

"Binti yangu, Lutfi anakutaka. Amewasitiri mbele za watu, na damu ni moja. Jumanne baada ya adhuhuri tunakuja. Ukikubali, tunamaliza siku hiyohiyo."

"Nimesikia, Ami."

Alijua hilo si swali. Ami hakuwa mtu mbaya, ila neno lake likishatoka halirudi. Akisoma Fatiha na Lutfi Jumanne, Wagdi ameondoka moja kwa moja.

Jumapili asubuhi alikuwa kwenye cherehani. Mama yake akapita na kikapu.

"Busayna, kaangalie salio, lisije likatuzimikia kama Ijumaa."

Mguu wa Busayna ukasimama juu ya kanyagio.

"Mama, unaikumbuka ile Ijumaa uliyougua tumbo? Salio si lilikuwa sifuri?"

"Sifuri na chini ya sifuri."

"Taa zilizima?"

"Hazikuzima. Zilisubiri Jumamosi saa nne, mimi niko bafuni na sabuni machoni. Mita hii Ijumaa haikati, maduka yamefungwa. Nani asiyejua?"

"Kila mwenye kadi anajua, Mama, ila Ijumaa ile aibu ilitusahaulisha. Kwa Ami wana mita gani?"

Hajja Insaf akaweka kikapu chini. "Ya zamani. Ile ya kusomewa na mtu."

Walishuka ngazi wamefuatana. Busayna akabonyeza kitufe cha mita, mara moja, mara mbili, namba zikapita, mpaka ikaja tarehe ya mwisho kujazwa. Ilikuwa siku kadhaa kabla ya posa.

"Ijumaa hakuna kadi iliyoingia hapa," Busayna alisema. "Si ya Wagdi, si ya Lutfi."

"Yule mwana laana! Leta kadi tuiingize tuone!"

"Tukiiingiza sasa tutaona mimi na wewe. Kesho atasema ni umeme wake. Mama, kadi hii haigusi mita mpaka Jumanne."

"Salio linaisha kesho!"

"Acha liishe."

Likaisha Jumatatu saa nne asubuhi. Nyumba ikawa kama tumbo la gunia. Cherehani kimya, friji ikaanza kutoa machozi sakafuni. Hajja Insaf alifungua mlango wa friji, akanusa, akafunga kwa nguvu.

"Nyama ya posa inaoza kwa ajili ya ushahidi!"

"Mpelekee Umm Hilal aikaange."

"Nimpelekee aseme tumeiiba? Bora ioze."

Busayna akamwandikia Wagdi: "Njoo kesho baada ya adhuhuri. Simama mlangoni pa jengo. Usiseme neno."

Jibu likaja papo hapo: "Nije kutukanwa tena?"

"Njoo."

Jumanne aliwasubiri palepale chini ya ngazi, amesimama kando ya mita, kadi mkononi. Ami Abdel-Shakur akaingia na kofia yake ya sufi, Lutfi nyuma yake kwa shati jipya na boksi la peremende. Nyuma yao, mlangoni, Wagdi amekunja mikono. Juu, Umm Hilal alikuwa ameshalaza kifua kizima kwenye ukingo wa ngazi.

"Huyu anatafuta nini hapa?" Ami aliuliza.

"Nimemwita mimi, Ami. Nipe dakika tano, kisha jibu langu utalipata."

"Zako. Sema."

Busayna akamgeukia Lutfi. Hakupandisha sauti.

"Binamu, Ijumaa ulijaza kadi yetu?"

"Niliijaza. Nyuma ya soko la samaki."

"Ukaiingiza hapa?"

"Hapa hapa. Si mliona taa?"

"Mita ikaupokea umeme wote?"

"Wote, nikaona na namba. Busayna, kwani mahakamani hapa?"

"Na kabla ya hapo, uliiingiza ikiwa tupu."

"Mara tatu! Mbele ya Mungu!"

"Basi sasa kadi hii haina kitu."

"Itakuwaje na kitu?"

"Ami, umesikia?"

"Nimesikia, nami nimechoka kusimama. Unataka nini?"

"Sisi hatuna umeme tangu jana. Nataka Lutfi aiingize."

Lutfi akacheka peke yake. "Kadi tupu niiingize ya nini?"

"Kama tupu, haitakuuma."

"Ingiza, mwanangu!" Umm Hilal akapaza sauti kutoka juu. "Au mkono umekufa ganzi?"

Ami akamgeukia mwanawe. "Ingiza."

Lutfi akaichukua. Akaisukuma, ikagoma. Akaisukuma tena. Jasho likamchuruzika shingoni, kwenye kola mpya.

"Umeigeuza," Busayna alisema. "Alama ya dhahabu inatazama juu. Mtu aliyeiingiza mara tatu angejua."

Akaigeuza. Mita ikalia, namba zikaruka. Ndani ya ghorofa ya kwanza taa zikawaka, friji ikanguruma, na Hajja Insaf akasikika akisema, "Alhamdulillahi, Alhamdulillahi!"

Ami akavaa miwani, akainama. "Wagdi. Ile karatasi unayo bado?"

Wagdi akaitoa mfukoni, imechakaa kwa kukunjwa. Ami akaisoma, akasoma mita, akarudia karatasi. Kiasi kilekile, mpaka pauni ya mwisho. Tarehe ya Alhamisi.

"Labda…" Lutfi alianza. "Labda niliongeza nikasahau kuiingiza…"

"Sasa taa zilirudi na nini?" Busayna akaweka kidole kwenye swichi kubwa iliyo chini ya mita, akaishusha. Friji ikanyamaza.

"Jamani, tena?" Hajja Insaf akalia kutoka ndani.

Akaipandisha. Taa zikarudi.

"Hivi tu, Ami. Umeme tulikuwa nao. Alishuka na viti, akaizima. Akaenda kunywa chai, akaja akaiwasha, tukamwombea dua. Angechagua siku nyingine ningeamini mpaka nakufa. Lakini mita ya kadi haikati Ijumaa, binamu. Hata ikiwa sifuri."

"Wallahi haikati!" Umm Hilal alidakia. "Kila mtoto anajua!"

"Na wewe tangu Ijumaa ulikuwa unasema nini?" Hajja Insaf alimuuliza, ameshatoka mlangoni, mikono kiunoni.

"Mimi? Nilisema uso wa kijana yule ni wa halali!"

Ami Abdel-Shakur hakumpiga mwanawe. Alilichukua lile boksi la peremende mikononi mwa Lutfi, akampa Hajja Insaf.

"Panga kwenye sinia, shemeji. Zina mwenyewe."

Kisha akamwendea Wagdi, mzee wa watu, kofia ameivua.

"Mwanangu, nilikunyang'anya mkono wangu mbele ya baba yako. Nitakwenda kwake kwa miguu yangu. Lakini kwanza nipe mkono wako."

Wagdi hakuutoa. Alikuwa anamtazama Busayna.

"Na yeye je? Simu zangu hakupokea."

Ngazi nzima ikamgeukia Busayna. Hata Umm Hilal.

"Ijumaa na Jumamosi sikujua," Busayna alisema. "Sikudanganyi. Jumapili nilijua. Tangu jana nimekaa gizani kwa ajili yako, kazi ya watu imelala, na nyama yote imeoza."

"Nyama yote?"

"Hata ini."

Wagdi akajizuia, akashindwa. Kicheko kikamtoka, na mkono ukatoka pamoja nacho.

Wakampigia baba yake simu, wakaiweka sauti kubwa, na mzee yule akasikika akiwa katikati ya kelele za karakana yake. "Leo Jumanne? Kwenye ngazi? Haya, Bismillahi." Fatiha ikasomwa palepale chini ya mita, mikono imeshikana, muuza vitunguu, aliyevutwa na kelele, akiwa shahidi. Ilipofika amina, Umm Hilal akapiga vigelegele vya kuamsha kiwanda kizima, na madirisha ya jengo la pili yakafunguka moja baada ya jingine.

"Pandeni! Pandeni mnywe sharubati!" Hajja Insaf aliita. "Leo hazimi mtu kitu hapa! Leo tunapiga na pasi!"

Wakapanda, Ami mbele, akimshika Wagdi bega. Busayna alikuwa wa mwisho. Mguu wake ulikuwa kwenye ngazi ya tatu aliposikia jina lake.

Lutfi alikuwa bado amesimama pale chini, mikono haijui iende wapi.

"Busayna. Mimi ni damu yako. Baba hajaniuliza bado, ila ataniuliza kwa nini. Mwambie ni mapenzi. Wewe ukisema atakuamini. Mwambie hivyo tu, nakuomba."

Juu, Wagdi alikuwa amegeuka kizingitini, akimngoja, nyumba yote nyuma yake inawaka. "Sababu yako mwambie mwenyewe, binamu," Busayna akasema, akakusanya pindo la gauni lake, akapanda.