Kona za Mwajabu

Kona ya mwisho kabla ya Soni, gari lililoitwa Kipanga liliichukua kwa spidi ambayo zamani ingempeleka mtu bondeni. Kila gurudumu lilikuwa na mota yake. Magurudumu ya nje yalisukuma, ya ndani yakajizuia, na mipira ikatoa meno madogo kuishika lami yenye umande. Usukani haukuwepo. Mahali pake palikuwa na kioo chembamba, na nyuma ya kioo hicho, ndani ya kasha lenye ukubwa wa sahani, kulikuwa na mtambo ambao watu wa Korogwe waliuita bongo-dereva. Mtambo huo ulizungumza na barabara. Tangu nyuzi za hisia zifukiwe chini ya lami, jiwe likianguka njiani magari yote yalipata habari kabla ya kulifikia.

Ndani ya Kipanga, kikombe cha chai ya tangawizi kilikaa juu ya meza ndogo bila kutikisika.

Kikombe hicho kilikuwa fahari ya Mhandisi Hiza Shemdoe. Alikuwa mzee wa miaka sitini na nane, amestaafu kutoka kiwanda cha Korogwe kilichogeuza nyuzi za mkonge kuwa bodi za magari, nyepesi kuliko bati na ngumu kuliko chuma. Pale kiwandani ndipo alipobuni kitulizaji, mtambo uliowaletea sifa yeye na Kipanga. Gari likiingia kwenye kona, kitulizaji hulaza viti kuelekea ndani ya kona kwa kiasi kilekile ambacho mwili ungetupwa nje. Abiria hahisi kupinda, hahisi mashimo, hasikii upepo.

"Tumefika wapi?" aliuliza mkewe, Mwajabu, aliyekaa pembeni yake.

"Tunaingia Soni, Mama Mbelwa."

Mwajabu aligeuza uso dirishani, ingawa dirisha halikuwa na faida kwake. "Nilidhani bado tunasubiri getini Mombo," alisema.

Hiza alicheka kidogo, akaichukulia kama sifa.

Mwajabu hakuwa akiona. Presha ya macho ilimnyang'anya mwanga taratibu, na hata madaktari wa siku hizi, wanaootesha figo maabara, hawakuweza kuufufua mshipa wa jicho uliokwisha kufa. Katika miaka ile ya kufifia, kila safari ya gari ilimtia kizunguzungu na kutapika. Hiza aliyaona hayo na ndiyo yaliyompeleka kwenye meza ya michoro. Kitulizaji alikitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja. Wengine wote waliokifurahia baadaye walikuwa majirani tu wa zawadi hiyo.

Gari lao la pili lilikaa gereji, chini ya turubai. Liliitwa Chui, gari la mbio la viti viwili, la petroli, lenye boneti ndefu na gia za mkono. Hiza alilinunua akiwa kijana, kutoka kwa Mgiriki mmoja wa Tanga aliyekuwa akirudi kwao. Vijana wa kiwandani walipomtembelea walipenda kumuuliza lipi bora, naye aliwajibu kama mhandisi. Kipanga linakimbia zaidi, linasimama haraka zaidi, halichafui hewa, halijawahi kumjeruhi mtu. Chui linakunywa mafuta kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji. Klachi yake inauma goti. Kiti cha kulia kimebonyea, mvua ikinyesha maji yanaingia miguuni, na kabla ya kuliwasha asubuhi ya baridi ya Lushoto lazima ulibembeleze.

"Kwa hiyo Kipanga," walisema vijana.

"Kwa hiyo Kipanga," alikubali, kisha akakawia kuyaondoa macho kwenye turubai la Chui.

Kitu ambacho hakuwaambia ni kwamba Chui halikuwa gari la mtu mmoja. Enzi za mashindano ya kupanda mlima kutoka Mombo hadi Lushoto, Mwajabu ndiye aliyekuwa msoma njia. Alizijua kona zote kwa kichwa. Alizipa namba kutoka moja, iliyo kali kabisa, hadi sita, ambayo dereva anaipita bila kugusa breki; kona inayozidi kupinda 'inafunga', inayonyooka 'inafunguka'. Alimwambia Hiza kona kabla haijaonekana, naye akakata usukani kwa neno lake, hata ukungu ukiwa umefunga kioo. Nyumbani Mwajabu alimwita Baba Mbelwa, kwa jina la mtoto wao. Ndani ya Chui hakukuwa na baba wa mtu yeyote. "Hiza, kulia tatu. Kanyaga." Walishinda mara mbili, na mara nyingi zaidi walirudi wakivutwa kwa kamba, wakicheka.

Mwaka huo mamlaka ya barabara ilitangaza kwamba magari ya usukani hayataruhusiwa tena kwenye barabara za umma kuanzia mwezi wa saba. Sababu zilieleweka. Ajali zilikuwa zimekaribia kwisha, na chache zilizobaki zilisababishwa na mikono ya watu. Hiza mwenyewe, angeulizwa, angepiga kura ya ndiyo.

"Basi tulipandishe Chui mlimani mara ya mwisho," alisema Mwajabu.

"Utaumwa."

"Nitaumwa."

Chui lilishushwa Mombo kwa lori, wao wakalifuata ndani ya Kipanga, na asubuhi wakaanza kupanda. Chui lilikohoa, likawaka, na sauti yake ikawatoa watu madukani. Hiza alikuwa na wasiwasi na mkewe katika kona za mwanzo, lakini Mwajabu alikuwa amekaa wima, kiganja kimoja mlangoni, kingine gotini. Kiti kilipomsukuma kushoto alijua ni kulia. Mngurumo uliporudi ukigonga mwamba alijua wako kwenye ukuta wa mlima, na ulipopotea alijua upande mmoja ni bonde.

"Daraja la mawe," alisema. "Baada yake kulia nne, inafunguka."

Ilifunguka. Hiza aliongeza mafuta.

"Kushoto tano. Kulia tatu, usikate mapema. Sasa kushoto mbili, inafunga. Hiza, inafunga."

Macho ya Hiza yaliona barabara imenyooka na kuingia kwenye mdomo wa handaki. Mikono yake haikuyasikiliza macho. Ilikuwa imeisikiliza sauti ile kwa miaka mingi mno, ikakata kushoto. Chui liliacha lami, likaingia kwenye kokoto za barabara ya zamani iliyofungwa, ubavu wake ukakwaruza uzio wa chuma kwa mlio mrefu. Likasimama hatua chache kabla ya ukingo ambao nyasi zilikuwa zimeufunika.

Injini ilizimika. Maji yalisikika yakishuka mahali fulani chini yao.

"Umeumia?" Hiza aliuliza.

"Hapana. Nimekosea kona?"

"Hujakosea. Kona haitumiki tena. Wamechimba handaki."

Mwajabu alipapasa dashibodi mpaka akaupata mkono wake. "Lini?"

"Mwaka wa tatu sasa."

"Na kliniki Korogwe tunakwenda kila mwezi." Alisema polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Tumekuwa tukilipita handaki hili kila mwezi. Tukienda na tukirudi."

Hiza aligeuka, akautazama mdomo wa handaki.

"Ungeniambia tu," alisema Mwajabu. "Siwakatazi kuchimba mlima. Lakini mimi nyumbani nikilala huwa naipanda hii barabara, kona kwa kona, mpaka usingizi unanichukua. Nilikuwa nadhani naijua."

Kwa kitulizaji chake, Hiza alikuwa amempunguzia mkewe kizunguzungu, na pamoja na kizunguzungu alikuwa amemwondolea mlima. Hiza alilijua hilo pale pale kwenye kokoto, wakati wa kulivuta Chui kinyumenyume kwa gia. Wala yeye mwenyewe hakuwa na cha kujivunia. Katika miaka yote hiyo ya Kipanga alikuwa akitazama kikombe.

Wiki iliyofuata alilifungua Kipanga, akakizima kitulizaji, akampeleka mkewe kliniki. Mwajabu alihisi kona na kuzitaja zote. Handakini aliacha kutaja, akasikiliza mwangwi wa magurudumu mpaka wakatoka upande wa pili.

"Ni refu," alisema.

"Afadhali kidogo sasa?"

"Afadhali sana. Usikiwashe tena, nitakuja na mfuko wa kutapikia." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Gari zuri hili, Baba Mbelwa. Linapita kona vizuri kuliko ulivyowahi kupita wewe. Ila nikisema kulia tatu, limekwisha kukata. Halinisubiri."

Hiza alijaribu kufikiria mtambo ambao ungemsubiri. Angeweza kuutengeneza. Angeweza kuifundisha bongo-dereva kujifanya haijui mpaka aambiwe, na Mwajabu angeutambua uongo huo kwenye kona ya kwanza.

Mwezi wa saba ulipoingia, Chui lilipakiwa kwenye lori, likapelekwa kwenye shamba la mkonge la binamu yake Hiza, nje kidogo ya jiji la Tanga. Sheria ilihusu barabara za umma, nayo njia za shamba zilikuwa za udongo mwekundu, pana, zimenyooka kati ya safu za mkonge, zikikutana kwenye kona za mraba walizozikata watu wa zamani waliovuna kwa mapanga. Siku hizi mitambo ya kuvuna ilipita juu kwa juu na njia zilibaki tupu.

Hiza alimshusha mkewe kutoka kwenye lori, akamshika mkono mpaka kwenye mlango wa Chui, upande wa kushoto. Mwajabu alipapasa bodi, akavipitisha vidole vyake juu ya mkwaruzo mrefu wa uzio, akaendelea kutembea akizunguka boneti.

"Unakwenda wapi?"

"Sogea. Leo nakaa huku."

"Mama Mbelwa, hujawahi kuendesha hata ulipokuwa unaona."

"Ndiyo maana. Kuna nini mbele?"

Hiza alitazama. "Hakuna kitu. Udongo tu, njia pana kama uwanja wa mpira. Mkonge uko mbali pande zote mbili."

"Basi nitagonga nini?"

Alikaa kwenye kiti kilichobonyea kwa umbo la mumewe. Hiza alimwelekeza klachi, akamwekea mkono juu ya gia. Mara tatu Chui liliruka na kuzimika. Mara ya nne lilikwenda, likitikisika, vumbi likipanda nyuma yao, na Mwajabu akaushika usukani kwa nguvu kana kwamba kuna mtu angempokonya.

"Soma njia," alisema.

Hiza alifungua mdomo na kugundua hajui. Maisha yake yote alikuwa amepokea maneno hayo na hajawahi kuyatoa. Aliiona kona ikija, akaipima, akasita kati ya tatu na nne.

"Kushoto... kushoto hapa, sasa."

Chui lilipitiliza kona, likaingia kwenye safu ya kwanza ya mkonge, majani magumu yakachapa vioo na bampa. Mwajabu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Vumbi lilitulia. Hiza alijiangalia mikono, akamwangalia mkewe. Mwajabu alikuwa akihema, kilemba kimelala upande mmoja, uso umechangamka kama wa msichana.

"Umechelewa, Hiza," alisema. "Njia husomwa kabla haijafika. Niambie ukiwa bado na nafasi ya kukosea."

"Samahani."

"Niwekee gia ya kurudi nyuma, twende tena. Na usiseme 'hapa'. Hapa ni wapi? Nipe namba."