Mfupa Mwepesi wa Mtakatifu

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Mmanga, na mwenyewe hakatai. Asubuhi tu alimtia Mama Skolastika kwenye gari la polisi, akampitisha sokoni Darajani wenye vikapu wakimtumbulia macho. Miaka ishirini na sita mama yule alifagia kanisa dogo la Mji Mkongwe, haujapotea hata mshumaa!

Kilichoibwa ni kipande cha mfupa wa mtakatifu, kidogo kama punje ya mahindi, kilichofungwa uzi na kupigwa muhuri wa lakiri, ile nta nyekundu ya mihuri, ndani ya kijisanduku cha kioo. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo anao Mama Skolastika.

"Jana nilimwazima Mwalimu Plasidi, akasema ananakili maandishi," alisema mama.

Plasidi, mgeni wa nyumba ya mapadri na mwandishi wa visa vya watakatifu wa kale wa Ulaya, alikana. Akamkaribisha Inspekta chumbani, wakaketi mkekani, akamsimulia kisa cha mtumishi wa monasteri aliyeiba mifupa mitakatifu, mkono ukamkauka. Kisa kitamu kuliko halua! Inspekta akatoka hapo moja kwa moja kwenda kumkamata mfagizi.

Kituoni akambana.

"Kiri, mama, yaishe."

"Nikiri nini, mwanangu? Umekamata ufagio, mwizi umemwachia kalamu yake!"

Adhuhuri ikaadhiniwa. Inspekta akavua soksi atie udhu. Chini ya unyayo wa soksi, chembe nyekundu imenata. Lakiri!

Akakumbuka: kanisani padri alimzuia kuvua viatu. Asubuhi nzima alivivua mahali pamoja tu: mlangoni kwa Plasidi.

"Ewe Mmanga," alijiambia, "ushahidi umeuvaa mwenyewe!"

Akarudi kwa mama, kichwa chini. "Nisamehe."

"Nitakusamehe ukinipitisha Darajani tena, vioo wazi, na wewe umekaa nyuma kama mshtakiwa."

Upekuzi haukuchukua nusu saa. Mfupa ulikuwa ndani ya kopo la karafuu, chini ya nguo za Plasidi. Akaletwa kituoni, akaonywa, akaandika maelezo.

"Kwa nini?" aliuliza Inspekta.

"Miaka thelathini nasimulia watakatifu, watu wanapiga miayo. Ningekuwa na mfupa mkononi, wangejaa."

"Na mama huyu?"

"Mfagizi tu, afande. Angesamehewa."

Inspekta akapiga meza, vikombe vikaruka. "Yaani aoze jela ili wewe upate wasikilizaji?"

Plasidi hakutahayari hata kidogo. "Visa vya kale vinasema mtakatifu asiyetaka kuhamishwa huwa mzito kama mlima, hata ng'ombe kumi na wawili hawamwondoi. Huyu nilimwinua kwa vidole viwili. Alikuwa mwepesi, afande. Maana yake aliridhia."

Mama Skolastika alikuwa mlangoni anavaa kandambili zake. Akageuka.

"Alikuwa mwepesi kwa sababu uzito wote ulinitwika mimi."