Tundu Karatasini, Doa Mgongoni

Jumanne, saa nane na dakika saba mchana, upinde uliotundikwa kwenye ukuta wa sebule ulifyatuka bila kuguswa na mtu.

Binti wa nyumba alikuwa hatua nne tu kutoka hapo, rula mkononi, akipima mishale yake mmoja baada ya mwingine. Saa aliijua kwa sababu alikuwa mtu wa kujua saa. Katika ofisi ya upimaji wa ardhi alikofanya kazi, aliwahi kurudi porini jua kali kwa ajili ya kigingi kilichokosewa upana wa kidole, na tangu hapo kaka yake hakumwita jina jingine ila Milimita. Alisikia paa! kali, kisha uzi ukatetemeka kwa muda mrefu ukififia, na harufu ya nta iliyopata moto ikapita puani mwake kama mtu aliyekatiza mbele yake bila kuomba njia.

Hakukimbia. Alikwenda kuukagua upinde.

Anayeanza mchezo huu hufundishwa jambo moja kabla ya yote: usiachie uzi bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hukosa pa kwenda, ikarudi kwenye mikono ya upinde na kuipasua. Basi Milimita alichukua kipande cha pamba akakipitisha juu mpaka chini, maana pamba hunasa kwenye ufa ambao jicho halioni. Haikunasa popote. Akasimama na pamba yake, na hesabu ikajimaliza yenyewe kichwani kabla hajaikaribisha: kama upinde ni mzima, basi mshale ulikuwepo.

Chumba cha pili, cherehani ya mama ikanyamaza ghafla.

"Mwanangu," mama aliita kwa sauti ya kukatika. "Njoo. Kichomi."

Upinde wenyewe aliununua Jumamosi kwa dereva mstaafu, mtu mpole aliyeufunga kwa blanketi na kuukabidhi kwa haraka isiyolingana na umri wake. Ulikuwa wa zamani, wa kapi mbili, moja juu na moja chini, rangi imebanduka pale mkono wa mtu ulipozoea kushika. Milimita alikuwa na likizo ya wiki mbili na wasiwasi usio na likizo. Alitaka kitu cha kukaza na kulegeza mpaka kikae sawa.

"Huu si upinde," kaka yake alisema alipouona. "Hii ni baiskeli iliyokatwa katikati."

"Hujui kitu wewe."

"Haya fundi, vuta tuone. Hicho kitundu unachochungulia, unaona nini?"

Milimita akavuta. Kapi zikazunguka, uzito ukamshuka mikononi kama zinavyofanya kapi nzuri, naye akatazama kupitia kitundu kilichofungwa uzini. Mbele yake, mlangoni, mama alikuwa amewapa mgongo, anakunja vitambaa. Kisindano cha shabaha kikatua katikati ya mgongo ule, kikatulia.

"Namuona mama mpaka mshono wa kola," alisema, na kaka akacheka.

Mama akageuka. "Nyie watoto, mnanilenga mimi kama njiwa?"

Milimita akashusha uzi polepole, uso umemwiva kwa haya. Haukuwa na mshale. Lakini alijua vizuri kwamba upinde, hata mtupu, hauelekezwi kwa mtu.

Jumapili na Jumatatu alikuwa uani akiusawazisha. Alijaza gunia mabaki ya vitambaa vya mama likawa shabaha, na mbele ya gunia akatundika karatasi kwenye fremu. Karatasi ndiyo husema ukweli: mshale ukiruka sawa huacha tundu safi, na pembeni yake mikato mitatu ya mabawa. Ukiruka upande, karatasi huchanika kando ya tundu na kuacha mkia. Jumatatu jioni mkia ulielekea kushoto, sentimita tatu.

Sasa, Jumanne, alimfungua mama vifungo vya blauzi ili amchue mafuta, na kwenye bega la kushoto akaona doa jekundu. Lilizungukwa na mikwaruzo mitatu midogo. Na mkia, kuelekea kushoto.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Wadudu tu, mama."

Rula ilikuwa bado mkononi. Akaiweka juu ya ngozi kwa wepesi, kana kwamba anaondoa uzi. Sentimita tatu.

Wasiwasi ukimpanda, mikono yake hutafuta kitu cha kunyoosha, ndivyo alivyoumbwa. Jumatano asubuhi alikuwa tena uani, akijiambia kwamba mambo mawili yanayofanana si lazima yawe ndugu. Akasogeza kilalio cha mshale milimita moja na nusu. Karatasi ikachanika sentimita moja tu. Akafurahi, na furaha ile baadaye ndiyo iliyomtesa kuliko yote.

Saa nane na dakika saba: paa! Harufu ya nta. Mama akaangukia cherehani, mkono mbavuni. Doa la leo lilikuwa chini ya mfupa wa bega, kuelekea moyoni, na mkia wake ulikuwa sentimita moja.

Hospitali walimpiga picha, wakaitazama kwenye mwanga, wakasema mapafu ni safi, moyo ni safi, apumzike. Jioni ile Milimita akamvuta kaka yake jikoni akamwambia yote kwa kunong'ona. Alitegemea kicheko. Kaka hakucheka.

"Mimi ndiye niliyekwambia uvute," alisema.

"Mimi ndiye niliyelenga."

"Basi tuufungie stoo. Tuufunge kama mwizi."

Waliufunga kwa kamba na blanketi, wakaegemeza godoro mlangoni. Alhamisi Milimita hakuugusa. Kuanzia saa saba alikaa kitandani pamoja na mama, amemkumbatia kwa nyuma, kifua chake kimefunika mgongo wa mama ili chochote kitakachokuja kimpitie yeye kwanza, kaka amesimama mlangoni na nyundo ambayo hakujua atampiga nayo nani, na watatu hao wakasikiliza saa ya ukutani, bomba la jirani, mbwa wa mbali, mpaka harufu ya nta ikaanza kuingia chini ya mlango, nzito na tamu, ikapanda kitandani, ikakaa, na huko stoo, ndani ya blanketi na kamba na godoro, kapi mbili zikasikika zikizunguka taratibu, taratibu, kwa starehe ya mtu asiye na haraka, zikafika mwisho wake, zikanyamaza kwa kitambo cha pumzi moja ndefu ya anayelenga, kisha paa! na Milimita hakuhisi kitu chochote, hata upepo, ila mama mikononi mwake akajipinda kama samaki.

Doa lilikuwa vidole viwili kutoka moyoni. Mkia ulikuwa sentimita moja ile ile. Siku hiyo hakuna aliyeusawazisha upinde. Mpigaji alikuwa amerekebisha shabaha yake tu.

Akampigia simu dereva.

"Mzee wangu, ule upinde..."

Mzee akauliza, taratibu sana: "Ulimlenga nani, binti?"

"Mama."

"Lo. Mimi nilimlenga mbwa wangu. Mzaha tu, alikuwa amelala kibarazani."

"Akafa?"

"Alichukua mwaka mzima. Mimi si fundi, upinde wangu ulikuwa unarusha hovyo. Huyo anayeuvuta akawa anakosa, mara sikio, mara mkia. Wewe nilikuona ulivyokuwa ukikagua skrubu, nikasema huyu ana mkono mzuri." Akakohoa. "Baada ya mbwa ukanyamaza. Nikadhani ameshiba."

"Nifanyeje? Niuchome?"

"Nilikata uzi, asubuhi nikaukuta mzima. Nililenga kuku, nikalenga kunguru, hakugeuka. Nikaenda kwa mganga. Akaniambia huyo hageuki ila kwa mtu mmoja: yule aliyemwonyesha shabaha, akijionyesha mwenyewe." Sauti yake ikapungua. "Nilimpenda sana mbwa wangu, binti. Lakini si kiasi hicho."

Milimita alikata simu. Angeweza kuuharibu upinde ili uanze kukosa, na mama angeishi mwaka, akichomwa kila siku saa nane na dakika saba, leo begani, kesho shingoni. Aliifanya hesabu hiyo mara tatu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na mara zote tatu ilikataa. Hakumwambia kaka. Kaka angetaka kujilenga yeye, na hakuwa yeye aliyemlenga mama.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba ikiwa bado imelala, alisogeza godoro, akaufungua upinde. Akachukua ufunguo wake wa pembe sita, akaanza kuuvuruga. Kilalio akakisukuma mpaka kikagota. Kisindano cha shabaha akakipandisha hadi mwisho. Kitundu akakizungusha uzini kikatazama ukutani. Skrubu ya mkono wa juu akailegeza mizunguko miwili, ya chini akaikaza. Kila moja ilimuuma kama jino, na mara mbili vidole vyake vikarudi vyenyewe kunyoosha, akavizuia.

Kisha akasimama mbele ya kioo cha kabati, akavuta. Kitundu kilikuwa kimepinda vibaya, ikambidi ainamishe shingo kama kuku anayesikiliza ndipo akajipata: blauzi, kifungo cha pili, upande wa kushoto. Akashikilia kwa pumzi moja ndefu. Akashusha uzi polepole.

Harufu ya nta ikaja. Safari hii haikutoka kwenye upinde. Ilikuwa nyuma ya sikio lake, karibu, ya mtu aliyeinama begani mwake kutazama alikoelekeza.

"Mwanangu?" mama aliita kutoka chumbani. Sauti ilikuwa nzima, ina pumzi. "Kumekucha? Leo nimelala kama mtoto."

"Kumekucha, mama. Lala tu."

Alitoka nje. Lori la taka lilikuwa linapita mtaani. Akaurusha ufunguo ndani yake, asije siku moja akashindwa kujizuia. Akarudi ndani, akaketi mezani, akachukua kalamu kuandika barua ya ofisini, kuomba likizo bila malipo akae na mama. Muda: mwaka mmoja, akaandika.

Akafikiri kidogo. Kifua cha mtu ni kipana kuliko cha mbwa, hata mpigaji hovyo hukipata mapema. Akaukata mwaka kwa mstari ulionyooka, akaandika miezi minane.