Tukae Wapi

Nitasema mapema ili Mungu asinione mnafiki: kosa lilikuwa langu, na halikuwa moja.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni. Nilikuwa natoka dukani na balbu ya jikoni mkononi, nawaza chakula tu. Sala ya jioni nilikuwa nimeiacha kama nilivyozoea kuiacha siku hizo, nikijiambia Mungu anajua nina kazi. Simu ikalia. Alikuwa mpiga picha wa kituo cha eksirei, mwanamke mwenye ulimi wa wembe.

"Fundi, uko wapi?"

"Niko njiani, nina..."

"Sikukuuliza una nini. Seva yako haionekani nje. Daktari anapiga kelele. Na mgonjwa aliyeko kitandani ni dada yako."

Balbu ilinidondoka. Niliikanyaga nikikimbia.

Kituo kile kilikuwa kidogo. Mapokezi yalikuwa na viti kumi na viwili vya plastiki, kisha kilifuata chumba cha mashine, chumba chenye kitanda kimoja, na mwisho kabisa kichumba kilichokuwa stoo ya mafagio, ndimo nilimoiweka seva, kompyuta inayotunza picha za wagonjwa. Dada yangu alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akifuta madirisha kazini kwake. Nilimkuta amelalia upande, midomo inakaribia rangi ya majivu. Kila pumzi aliivuta kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

"Kaka," akasema. Hakuweza kuongeza la pili.

Tabibu wa zamu alikuwa amesimama na mrija mkononi. Pafu moja limesinyaa, alisema, na hewa imejaa mahali pasipotakiwa, lakini hangethubutu kumtoboa kifua kabla daktari bingwa hajaiona picha. Na daktari bingwa alikuwa mji mwingine.

Mpiga picha alinitupia simu. "Ongea naye mwenyewe. Mimi nimeshatukanwa vya kutosha."

"Wewe ndiye fundi?" sauti ikauliza.

"Ndiyo, daktari."

"Saa moja na nusu naingia chumba cha upasuaji. Nikishaingia sipokei simu ya mtu yeyote. Umenielewa?"

"Labda tupige picha kioo kwa simu, tukutumie..."

"Picha ya simu iliwahi kunifanya nimtoboe mtu upande usio na ugonjwa. Nataka picha yenyewe. Fungua huo mlango."

Mlango aliousema si wa mbao. Ruta ya ofisi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ni kama bawabu. Mgeni akija kutoka nje akataja mlango namba mia na nne, bawabu anamwelekeza kwenye chumba namba ishirini, ambako seva inakaa. Hapo daktari anachukua picha zake na kuondoka. Lakini siku nne kabla umeme ulikatika, na uliporudi ruta iligawa namba upya, seva ikapewa thelathini na tatu. Bawabu akawa anapeleka wageni chumba kisicho na mtu.

Dawa yake ni kuifunga namba ya seva isibadilike. Ni kazi ya dakika mbili. Mwenye kituo aliponiuliza kama nimeifanya, nilimwambia nimeifanya. Sikuwa nimeifanya.

Na kazi yenyewe niliipata kwa fitina. Kabla yangu alikuwepo fundi tuliyemwita Kijiko, kwa sababu alikoroga chai hata isiyo na sukari. Nilimnong'oneza mwenye kituo kwamba Kijiko anaacha milango wazi kwa wezi. Ulikuwa uongo. Kijiko alifukuzwa wiki hiyo hiyo.

Nilijifungia kwenye kile kichumba. Kwanza nilitaka kujua kama mlango wenyewe unapitisha watu. Nikaipa laptopu yangu ile namba ishirini iliyoachwa wazi, nikafungua kidirisha cheusi kinachosikiliza. Chochote kitakachoandikwa huko nje kwenye mlango wa mia na nne, kitatokea hapo.

Hapa lazima nieleze mazoea yetu. Mafundi wengine wakijaribu mlango huandika chochote. Aliyenifundisha mimi alitaka tuandike hodi. Unazima mtandao wa ofisi kwenye simu yako, unawasha data ili uwe kama mtu wa nje, unaandika hodi. Ikitokea kwenye laptopu, unajibu karibu. Karibu ikifika kwenye simu, ujue mlango unapitisha kwenda na kurudi. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo.

Niliinamia simu. Data ilikuwa inasumbua kuwaka. Kwa pembe ya jicho nikaona neno kwenye laptopu.

hodi

Vidole vina akili yao. Vikaandika karibu, vikabonyeza.

Ndipo nikaitazama simu vizuri.

Data ilikuwa bado haijawaka. Sikuwa nimeandika kitu.

Nilikaa nimeishikilia simu kama mtu aliyeshika chura. Pengine ni daktari, nikajiambia. Pengine ni mhuni fulani wa mtandaoni. Kisha likaja jibu.

tumekaribia

Hawakusema nimekaribia. Walisema tumekaribia.

"Fundi!" mpiga picha aliita kutoka chumba cha mashine. "Umeacha mlango wa mbele wazi? Mbona baridi?"

"Nimeufunga," nilijibu. Na kweli nilikuwa nimeufunga.

Harufu ilianza hapo. Haikuwa ya uozo wala ya moshi. Ilikuwa harufu ya watu. Watu wengi waliosafiri muda mrefu bila kuoga, jasho lililokauka juu ya jasho, vumbi, usingizi wa kulala umekaa. Ilipita chini ya mlango wa kichumba polepole, kama maji yanavyoingia.

Kisha nikasikia mapokezi.

Kwaa.

Kiti cha plastiki kinavyolia mtu mzito akikikalia.

Kwaa... kwaa...

Kimoja kimoja. Bila haraka.

Nilifungua mlango kiasi cha jicho. Mapokezi yalikuwa na mwanga hafifu wa taa moja. Hapakuwa na mtu. Lakini viti vilikuwa vimebonyea. Vyote. Miguu ya plastiki imejipanua, migongo imelala nyuma, na kiti cha mwisho pale pembeni kilikuwa kinatikisika kidogo, kama anayekikalia anapunga mguu.

Nikafunga. Nilianza kusali. Sala niliyoijua tangu utotoni ikanikatikia katikati kama uzi mbovu, sikuuona mwisho wake. Mungu anisamehe, nilikuwa sijaishika siku nyingi.

Simu ikalia. Nikaruka.

"Umekufa huko?" Daktari. "Nina dakika kumi na nane."

Nikamkumbuka dada. Nikauvuta waya wa laptopu kutoka kwenye ruta, nikautupa chini. Nikaingia kwenye ruta kwa kompyuta ya seva yenyewe, nikabadilisha maelekezo ya mlango: usipeleke tena ishirini, peleka thelathini na tatu. Kazi hiyo naijua hata nikiwa usingizini.

"Jaribu sasa, daktari."

"Naam. Imeanza kushuka. Asilimia sita. Laini yenu inatambaa kama konokono. Usiguse kitu chochote mpaka nikuambie."

Nilishusha pumzi. Nikageuka.

Laptopu ilikuwa haina waya. Kidirisha cheusi kilikuwa kimeongezeka mstari.

viti vimejaa

Nikaufunga mfuniko wa laptopu. Nikasikia vikohozi huko mapokezi. Kikavu. Kingine kikakijibu. Mtu akaburuta mguu.

"Nani wanakohoa huko?" mpiga picha akaita. Sasa sauti yake haikuwa na wembe. "Fundi... tulishafunga, si ndiyo?"

"Kaa humo humo," nikamjibu. "Usitoke."

"Asilimia arobaini na moja," alisema daktari.

Nikafungua mfuniko. Sijui kwa nini. Nadhani kutojua kulinitisha zaidi.

wengine bado wako nje
kuna kitanda huku

Nikasogeza uso karibu na kioo.

kuna mtu amelala
tumsogeze?

Na hapo hapo, kutoka chumba cha kitanda, nikamsikia dada yangu. Sauti nyembamba, ya kulalamika, kama alivyokuwa akilalamika tukilala kitanda kimoja utotoni.

"Kaka... mbona wananibana?"

Tabibu alikuwa humo naye. Alisema baadaye kwamba hakuona mtu. Aliona godoro tu, upande wa ukutani, likizama.

Waya wa ruta ulikuwa mbele ya pua yangu. Kuuvuta ni sekunde moja. Ningeuvuta, mlango ungekufa, na pengine wao wangeishia pale. Lakini picha nayo ingekatika, daktari angeingia kwenye upasuaji wake, na dada angebaki na pumzi zake za kuhesabika.

"Hamsini na nane," alisema daktari. "Usiguse."

Nikaandika: msimguse.

basi tukae wapi

Haikuandikwa kwa ukali. Naomba mniamini hapo. Iliandikwa kama mgeni mwenye adabu anavyouliza, aliyechoka, aliyeambiwa karibu na mwenye nyumba halafu hakuoneshwa mahali. Nami ndiye niliyesema karibu.

"Kaka..."

Ukurasa wa ruta ulikuwa wazi pale pale kwenye kioo cha seva. Chini kabisa, Kijiko alikuwa ameacha anwani ya mtandao wa nyumbani kwake, mafungu manne ya tarakimu. Aliiweka zamani ili ruta imruhusu kuingia na kurekebisha mambo akiwa kwake. Mimi sikuwahi kuifuta.

Ningeweza kuandika anwani ya nyumbani kwangu. Hilo liliwezekana. Naishi peke yangu, na kosa lilikuwa langu. Wazo hilo lilinijia kabisa, naliungama, nikalitazama, nikaliacha lipite.

Niliandika tarakimu za Kijiko kwenye kidirisha cheusi. Sikukosea hata nukta.

Mstari mwingine ukatokea.

mwenyeji anajua?

"Themanini na tatu," alisema daktari.

Nikaandika: anajua.

Kwaa.

Kiti kimoja kimerudi. Kisha cha pili. Vilianza kurudi mfululizo, plastiki ikijinyoosha, nami nahesabu kama mtoto. Kumi. Kumi na moja. Kumi na viwili.

Vikaendelea. Viti vilikuwa kumi na viwili tu, na mimi nikafika thelathini na kitu nikaacha kuhesabu.

"Imefika," alisema daktari. "Kulia. Mwambie tabibu aingize mrija upande wa kulia, sasa hivi." Akakata bila kuaga.

Nilitoka nikipiga kelele kulia, kulia. Tabibu akatoboa. Hewa ilitoka kifuani mwa dada kwa mlio wa tairi linalochomwa msumari, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu. Mpiga picha alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya mlango, magoti kifuani. Hakunitukana. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu kuliko yote.

Sikulala. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Kijiko.

"Haa," akasema akiniona. "Kazi ulishachukua. Umekuja kuchukua na nyumba?"

Nikampigia magoti. Nilimwambia yote: fitina, uongo wa ile namba, hodi, karibu, anwani. Alinisikiliza amesimama. Hakunikaribisha ndani, na sikustahili.

"Hao nawajua," alisema mwishowe. "Si kwa sura. Nilikuwa nawaona kwenye kumbukumbu za ruta. Kila jua likizama wanabisha mlango ule, kila siku. Anwani zao hazitoki nchi yoyote."

"Na wewe ulifanyaje?"

"Sikufanya kitu. Waliikuta seva. Seva inamjibu daktari peke yake, wengine inawatazama tu. Mashine haina adabu, ndiyo salama yake. Ni wewe uliyewafungulia mdomo."

"Sasa wamekuja kwako. Nisamehe, ndugu yangu. Jana usiku..."

"Jana usiku nimelala vizuri." Akacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri. "Laini ile niliikata mwezi uliponifukuzisha. Ningeilipia kwa kazi gani? Anwani haizikwi na mtu, rafiki. Ukiiacha wanampa mteja mwingine."

"Nani?"

"Nitajuaje mimi?" Akafunga mlango. Kutoka ndani akasema, "Hilo ni lako."

Nimekwenda kwenye kampuni ya mtandao mara nne. Binti wa kaunta ananiambia siri ya mteja haitolewi. Mara ya nne nililia mbele ya watu, akanihurumia. Akatazama kioo chake, akainama. "Ni nyumba ya watu, baba. Wazazi na watoto. Basi, nisikuongezee."

Dada amepona. Kazi nimemrudishia Kijiko, ingawa bado hanisalimii. Sala sasa sizikosi. Naamini Mungu ameshanisamehe la kwake. Lakini la binadamu huombwa kwa binadamu, na huyo simjui jina wala mtaa, ndiyo maana nimeandika haya ili yasomwe na wengi.

Ikiwa kwako watoto wameanza kulalamika kwamba kitanda ni chembamba, na wewe umekipima ukakiona ni kile kile, basi ni wewe ninayekutafuta. Usiwafokee wanao. Wala hao wengine usiwafukuze kwa ukali, maana hawajavamia.

Niliwaambia unajua.