Upepo Sifuri

Dagaa wa Dorcas walinyeshewa, wakaoza, na aliyemwambia awaanike ni mwanamume aliyetaka kumuoa.

Dorcas alipanda kutoka mwaloni, pale ufukweni wanakoanikia dagaa, gauni limelowa hadi kiunoni, kilemba mkononi. Sokoni Mkuyuni watu walimpisha. Shigela, fundi wa simu, alikuwa kibandani kwake, ameinamia simu ya mteja.

"Dori wangu..."

"Usiniite! Asubuhi nilikuuliza, ukasemaje?"

"Nilisema anika."

"Ulisema, 'Anika, mama, leo hata jani halitikisiki.' Sasa nenda kaone hayo majani!"

Mteja alichukua simu yake ikiwa haina mfuniko, akaondoka zake.

Walikuwa wamejuana hapo hapo kibandani, siku ya gulio, watu wamebanana. Dorcas alikuwa anapita na beseni kichwani, kitenge cha njano kimemkaa sawasawa, akaona waya umefungwa kwenye mwanzi juu ya kibanda.

"Ngosha, huko juu unavua nini?"

"Hali ya hewa."

"Imenona?"

"Kaa hapa nikuonjeshe."

Akakaa. Shigela akamweleza kwamba kule mlimani, kwa mstaafu mmoja aitwaye Rugemalira, kuna kituo kidogo cha hali ya hewa: vikombe vinavyozungushwa na upepo, na kikopo cha kupimia mvua. Kituo kinatuma vipimo kwa redio hadi kwenye skrini ya sebuleni kwa mzee. Shigela anavidaka njiani, kwa waya wake na kompyuta kuukuu, halafu vinamfikia kwenye simu. Shigela anamjua mzee kwa jina tu; hawajawahi kuonana. Ni mchezo wake tu, kama wengine wanavyocheza bao.

Ila mchezo ukawa na faida. Nyumba ile inatazama ziwa, upepo wa mvua unaipiga kwanza. Kila asubuhi Dorcas alipiga simu kabla ya kumwaga dagaa kwenye mawe. "Nianike, mpenzi?" "Anika, mama." Au, "Subiri, ziwa limenuna." Shigela hakukosea hata mara moja. Huko ndiko mapenzi yalikoota.

Sasa Dorcas alikikamua kilemba chake juu ya meza ya fundi.

"Hicho kituo hakipo. Ulikitunga ili nikupigie kila asubuhi."

"Kipo, Dori. Haki ya Mungu."

"Nipeleke."

Walipanda mlima bila kusemezana. Rugemalira alifungua mlango mwenyewe, kaptula na miwani, kijiko mkononi.

"Shikamoo mzee," walisema pamoja.

"Marahaba. Mnauza nini?"

Shigela akaeleza, akiuma maneno. Mzee akamkazia macho.

"Kwa hiyo unachungulia nyumba yangu."

"Hapana, mzee. Kinatuma chenyewe hewani. Mwenye waya anadaka."

"Hata harufu ya mboga yangu inakwenda hewani. Mbona hujaleta sahani?"

"Mzee," Dorcas aliingilia, "hicho kituo kiko wapi?"

"Jikoni. Tangu juzi. Fundi alikuja kupaka bati rangi, nikakishusha."

Dorcas akaingia bila kukaribishwa. Kilikuwa juu ya friji, kimeegemea mkungu wa ndizi, kikavu, vikombe vimesimama.

"Juu ya friji!" alisema. "Nimeanika dagaa wangu kwa hali ya hewa ya juu ya friji!"

Akakisukuma kikombe kimoja kwa kidole, kwa hasira, vikazunguka vyote. Muda si muda simu ikalia mfukoni mwa Shigela: upepo umeanza. Rugemalira akacheka. Alicheka peke yake.

"Upepo sifuri tangu juzi," Dorcas alisema. "Lini ziwa hili lilikaa siku mbili bila upepo, Shigela? Lini?"

"Nilidhani ni bahati yetu."

"Una macho! Ungetoa kichwa nje!"

"Na wewe je?" Shigela naye alipandisha sauti. "Uko pale mwaloni, ziwa lote liko mbele yako. Hukuona?"

Dorcas alikuwa ameona. Wingu jeusi upande wa Ukerewe, limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Alilitazama, akaitazama simu, akamwaga dagaa. Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa kweli hiyo alimchukia Shigela maradufu. Akateremka peke yake.

Siku zikapita hakuna aliyempigia mwenzake. Kisha asubuhi moja Shigela akaja mwaloni, suruali imekunjwa magotini, simu kaiacha kibandani. Akasimama kando yake, akatazama ziwa.

"Haya, mtaalamu," Dorcas alisema bila kugeuka. "Leo nianike?"

"Sijui. Wewe unaonaje?"

Dorcas akamsukumia reki ya kutandazia dagaa.

"Mimi naona uniletee wazee wako nyumbani," alisema. "Na ushike hiyo reki, usisimame kama nguzo."

Walioana. Lakini siku ile ya mvua iliwagharimu. Dagaa wa wiki nzima walikwenda kuwa chakula cha kuku. Mteja wa Sengerema, aliyekuwa akinunua mzigo wote, hakurudi tena. Harusi waliyoitarajia Desemba ilisogea hadi baada ya Pasaka. Na mpaka leo, Shigela akimwambia jambo lolote, hata kwamba chai imechemka, Dorcas huenda kwanza kutazama mwenyewe.